Paka hajulikani alipo, na mimi na mama mkwe hatusemeshani

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa tisa usiku kwa sababu usingizi hauji. Leo ni siku ya 12 tangu paka wetu Simsim atoke nyumbani, na sijui niendelee kumtafuta au nikubali yaishe.

Simsim ni jike wa miaka minne, rangi yake ni ya ufuta, ndiyo maana tukampa jina hilo, na ana kiraka cheupe kifuani. Amefungwa kizazi. Tangu utotoni amekaa ndani tu. Nje alikuwa akikuona kupitia dirishani. Tulikuwa tumehamia nyumba hii wiki tatu kabla hajapotea. Nyumba ya zamani iko kama kilomita mbili kutoka hapa.

Siku aliyopotea ndiyo siku mama mkwe alifika kututembelea. Mchana nilimweleza kwamba mlango wa jikoni haufunguliwi kabla ya kuangalia paka yuko wapi. Usiku, mnamo saa mbili, nilikuwa namwogesha mtoto. Mama akatoka kwenda kumwaga taka, akauacha mlango wazi. Nilipomuuliza akasema, "Kuna kitu kilinipita miguuni, nikadhani ni panya." Sikumjibu. Tangu usiku ule sijamsemesha zaidi ya salamu na kumwita mezani. Naye siku hizi hakai sebuleni na sisi. Jioni anachukua kiti chake anakaa kibarazani nyuma, karibu na mlango uleule wa jikoni, hadi giza linaingia. Sijui anatafuta nini, na kumwona pale kunanichoma.

Tumefanya kila kitu. Usiku wa kwanza tulizunguka watu sita tukiita jina lake mpaka saa sita. Nimetembea mitaa yote. Picha yake nimeituma kwenye makundi ya WhatsApp nikieleza kila kitu, mpaka alama ndogo nyeusi iliyo kwenye ufizi wake. Ana chipu aliyowekwa akiwa mdogo, nikauliza kama inaweza kufuatiliwa kwa simu, sijapata jibu la maana, na namba niliyoiandikisha wakati ule ilipotea pamoja na simu. Siku ya sita mwanaume mmoja alipiga akasema anaye, nitume kwanza hela ya usafiri. Picha aliyonitumia ni ileile niliyoisambaza mimi. Jirani akanishauri nimwage nje mchanga wa choo chake ili anuse arudi. Nimeumwaga, na sasa kila usiku anakuja paka dume mweusi na mweupe kunguruma mlangoni.

Mume wangu anasema Simsim ameshaliwa na mbwa au ameenda zake mbali. Anataka wikiendi hii tulete kitoto kingine cha paka, ili binti yetu wa miaka 8 atulie. Yeye ndiye aliyemwambia mtoto kwamba Simsim "ameenda kutembea nyumba ya zamani," na kila asubuhi anauliza atarudi lini.

Mama mkwe anaondoka Jumapili. Shangazi, niache kutafuta? Nimwambie nini mtoto? Na je, nimwambie mama usoni kwamba yeye ndiye aliyempoteza Simsim, au ninyamaze aende?

Asiyelala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Siku kumi na mbili za kulala na sikio moja mlangoni si mchezo, na anayekuambia "ni paka tu" hajawahi kusikia nyumba ilivyo kimya bila yeye.

Umeniletea mafundo matatu: Simsim yuko wapi, mtoto aambiwe nini, na kimya kilichoingia kati yako na mama mkwe. Umeyaandika kana kwamba kila moja liko peke yake. Mimi naona la tatu linaweza kukusaidia kulifungua la kwanza, na nitakueleza kwa nini. Lakini tuanze na paka, maana huko muda una thamani.

Barua yako yote inasema kana kwamba Simsim ameondoka. Ametoka, ndiyo. Kuondoka ni jambo jingine. Paka aliyezoea nje ana njia zake na mipaka yake, na akipotea huenda kweli yuko mbali kidogo. Paka wa ndani anayejikuta nje ghafla, tena penye nyumba ngeni, hajui kulia wala kushoto. Hukimbilia kificho cha kwanza anachokiona, akajibana, akanyamaza. Akilia anamwambia kila mbwa alipo, kwa hiyo halii, hata akisikia sauti ya mtu anayempenda. Usiku ule watu sita mkiita na kumulika, yumkini alikuwa mita chache kutoka miguuni mwenu akizidi kujikunja. Karibu kila mtu huanza hivyo, usijilaumu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu paka zaidi ya 1,200 waliopotea, ulionyesha kuwa robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipopotelea. Theluthi moja hivi walipatikana hai ndani ya siku 7. Mpaka mwaka kuisha walifikia asilimia 61. Kwa hiyo wako wengi waliopatikana baada ya wiki ya kwanza kupita, na Simsim bado anaweza kuwa miongoni mwao. Wako pia karibu wanne katika kila kumi ambao hawakupatikana, nami sitakuficha hilo.

Umesema umetembea mitaa yote. Mwanangu, kutembea mtaani ni kumtafuta paka aliyesimama barabarani, na Simsim hajasimama barabarani. Anza upya pale mlangoni pa jikoni. Chuchumaa hadi macho yako yawe kama sentimita 25 kutoka chini, kimo cha paka, kisha utazame mbele: giza la karibu zaidi ni lipi? Chini ya ngazi? Nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani? Nenda huko kwanza. Halafu waendee majirani, nyumba tatu kila upande na zile zinazopakana nawe kwa nyuma, na usiwaulize tu kama wamemwona. Jirani akijibu "kwangu hayupo," anasema kweli kadiri anavyojua, ila hajapiga magoti kuchungulia chini ya tangi la maji. Omba ruhusa uangalie mwenyewe: chini ya magari na ndani ya boneti, kwenye mabanda, darini, kwenye kalvati, nyuma ya marundo ya mabati. Angalia hasa stoo ambazo hufunguliwa mara moja kwa wiki. Paka huingia mlango ukiwa wazi dakika mbili, ukafungwa naye ndani. Omba kila stoo iachwe wazi usiku mmoja.

Rudi usiku, kati ya saa sita na saa kumi, mkiwa wawili tu. Njaa na kiu zikizidi hofu ndipo paka aliyejificha huanza kutoka, na hutoka watu wakiwa wamelala. Tochi ishike kando ya jicho lako, usawa wa shavu. Jicho la paka hurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo ukiishika tochi kiunoni mng'ao unaweza kukupita. Unatafuta nukta mbili za kijani au manjano karibu na ardhi. Ukiziona, zuia miguu yako! Ukimkimbilia, utamfukuza kwenye kificho alichokizoea. Keti chini, mpe ubavu, usimkazie macho, ongea kama unavyoongea naye jikoni, na umrushie kipande cha chakula chenye harufu kali.

Kuhusu mchanga wa choo, ushauri huo unazungushwa sana na wanaoutoa wana nia njema. Shida yake ni kwamba kwa paka harufu ya choo ni tangazo la mpaka, na aliyeitikia kwako ni dume mwenye eneo lake. Simsim akiwa chini ya ngazi ya jirani, huyo dume ndiye anayemfungia njia ya kurudi. Ufagie, mwagia maji pale. Badala yake weka kitambaa alichokuwa akilalia, au fulana yako uliyoivaa bila kuifua.

Weka pia chakula kidogo, vijiko viwili tu, saa ileile kila usiku, na sahani uitoe asubuhi. Zungushia sahani unga mwembamba chini, upana wa hatua moja. Unyayo wa paka ni mviringo, upana kama sentimita 3, vidole vinne bila alama za kucha, kwa sababu akitembea huzirudisha ndani. Wa mbwa kwa kawaida huacha kucha. Kwako unga peke yake hautoshi, maana dume naye ni paka. Tafuta kamera ndogo ya usiku, au mtu mmoja anayeweza kukaa kimya akitazama.

Akionekana na hakaribii, kuna mtego wa kizimba, ule wa waya ambao mlango huanguka mnyama akikanyaga kibao cha ndani. Daktari wa mifugo au watu wanaohudumia paka wa mitaani mara nyingi wanao wa kuazimisha. Chagua wenye urefu wa sentimita 75 au zaidi ili mlango usimpige mkia, akashtuka na kurudi nyuma. Tandika gazeti sakafuni, kwa sababu paka wengi hawapendi kukanyaga waya. Ufunike kwa shuka, uache mdomo tu. Siku moja au mbili ufunge mlango usianguke, ale ndani azoee, ndipo uutege. Chakula kikae nyuma kabisa, ng'ambo ya kibao, la sivyo atanyoosha shingo, ale, aondoke. Na mtego ukishategwa hauachwi peke yake: jua, mvua, au mbwa anayezunguka waya vinaweza kumuumiza mnyama aliyefungiwa. Utamnasa yule dume kwanza, pengine mara mbili. Mwachie taratibu, utege tena.

Chipu haifuatiliki kwa simu, mwanangu. Ni ndogo kama punje ya mchele, haina betri, haijui ilipo. Inalala kimya chini ya ngozi mpaka mtu aipitishie kifaa cha kusomea, ndipo itoe namba, kwa kawaida tarakimu 15. Namba hiyo haina maana kama kwenye kumbukumbu za usajili kuna simu iliyokufa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliofanyika kwenye makao ya wanyama ulionyesha kwamba wenye wanyama wenye chipu waliposhindikana kupatikana, sababu iliyoongoza ni namba ya simu isiyo sahihi au iliyokatika. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya lolote, tafuta kadi yake ya chanjo au mpigie daktari aliyemwekea chipu, upate namba yake, umpigie msajili, ubadilishe simu, na uombe aandikwe kuwa amepotea. Kazi hii haizidi saa moja, na ndiyo inayoendelea kukutafutia hata siku utakayochoka.

Yule mwanaume wa hela ya usafiri ulimshtukia, na nimefurahi. Watatokea wengine. Ulipotaja alama ya kwenye ufizi uliwapa ufunguo, basi tafuta alama nyingine uifiche: kovu, unyoya wa rangi tofauti tumboni, namna mkia ulivyopinda. Anayesema anaye, akutajie hiyo, au ampige picha kando ya kitu utakachochagua wewe dakika hiyohiyo. Usitume hela kabla ya kumwona paka, usimsomee mtu namba za siri zinazoingia kwenye simu yako, na usiende kuonana naye peke yako. Zawadi ukiitaja, usiandike kiasi. Makundi ya WhatsApp ni mazuri, lakini anayekaa karibu na stoo ya Simsim huenda hayumo. Bandika mabango makubwa kwenye njia panda za karibu: PAKA AMEPOTEA, picha moja, simu, na "usimkimbize, nipigie." Dereva anayepita ayasome yote bila kusimama. Ukiyavika mfuko wa plastiki, mdomo wa mfuko utazame chini, la sivyo mvua moja inayamaliza.

Na akipatikana, usimbebe mikononi hata hatua kumi. Paka aliyeogopa atakuparura na kuchomoka, na mara ya pili ni mgumu zaidi kumpata. Mweke kwenye kizimba cha kubebea. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Mpe chakula kidogokidogo na umpeleke kwa daktari hata akionekana mzima. Paka asipokula kwa siku kadhaa, ini linaweza kujaa mafuta na akadhoofika huku ukidhani amechoka tu.

Sasa mume wako. Usimwone hana huruma. Anataka kuona kilio kimeisha nyumbani kwake. Anayosema yanawezekana, kwa kuwa mbwa wapo na magari yapo. Ila ni dhana, kama ilivyo dhana kwamba yuko hai. Nyumba ya zamani pia ni dhana: kilomita mbili ni mbali kwa paka ambaye njia hakuijua kwa miguu, hata hivyo kuwapa wapangaji wapya picha na simu yako hakugharimu kitu. Ukiacha kutafuta leo, huenda ukapumzika, na huenda pia ukabaki ukijiuliza kuhusu stoo ambayo haikufunguliwa. Ukiendelea kila usiku bila kikomo, utaanguka wewe, na binti yako atapoteza zaidi ya paka. Wako wanaojiwekea muda: wiki mbili tatu za nguvu, karibu na nyumba, halafu mabango, msajili wa chipu, na kupita mara moja kwa wiki kwa madaktari wa mifugo na kwenye makao ya wanyama. Pimeni wawili kile mnachoweza kukibeba.

Kitoto kipya kinaweza kumfurahisha mtoto, na siwezi kukwambia ni kosa. Tazama tu kwamba kitakuja katika nyumba yenye mlango uleule, na Simsim akirudi akiwa dhaifu atakuta harufu ngeni sebuleni, jambo litakalowadai vyumba viwili na wiki kadhaa za kuwazoesha taratibu. Na mtoto wa miaka 8 anajua Simsim ni nani. Akipewa mwingine bila maelezo, anaweza kuelewa kwamba anayepotea hubadilishwa.

Kwa hiyo ningewaza kuhusu ile safari ya "kutembea nyumba ya zamani." Kila asubuhi anapouliza, uongo ule unadai uongo mwingine. Kuna sentensi ya kweli ambayo mtoto anaweza kuibeba: "Simsim alitoka, hatujui alipo, tunamtafuta, na huenda tusimpate." Mpe na kazi ya mchana: kuchora bango, kusoma nyayo kwenye unga kabla ya shule. Atalia, na ukiwa karibu naye hilo si baya.

Nimemwacha mama mkwe mwisho. Unauliza umwambie usoni au unyamaze. Kabla ya hapo, jiulize kama ni kweli yeye ndiye aliyempoteza Simsim. Mlango aliuacha yeye, hilo halina ubishi, na una haki ya kuumia kwa sababu ulimweleza. Lakini kinga yote ya paka huyu ilikuwa mlango mmoja na neno aliloambiwa mgeni siku aliyofika, ambaye usiku alikuwa ameshika taka mikononi. Angeweza kuwa binti yako, au fundi. Nyumba yenye paka wa ndani inahitaji kizuizi cha pili: wavu wenye fremu nyuma ya mlango, au paka kufungiwa chumbani giza linapoingia, hasa wiki tatu nne za kwanza baada ya kuhama. Inahitaji pia kola ya kufunguka ikivutwa, inayopitisha vidole viwili, yenye simu yako juu yake. Hayo hayakuwepo, na hayakuwa kazi ya mama.

Ukimtuhumu kabla ya Jumapili, huenda moyo ukapungua uzito, na huenda yeye akajifunga, mume wako akabaki katikati. Ukinyamaza, ataondoka na kimya hicho, na ziara ijayo itaanzia hapo. Njia hizo mbili unazijua. Kuna jambo jingine ambalo hujalitaja: yeye ndiye shahidi pekee. Kile kitu kilichompita miguuni kilielekea upande gani, kwenye ukuta au kwenye lango? Mbwa alibweka? Mlango ulikaa wazi dakika ngapi? Alisikia bati likilia, au mlango wa stoo ya jirani ukifungwa? Majibu hayo yangekuambia uanze kuchuchumaa wapi, na kwa siku 12 hakuna aliyemuuliza.

Halafu kuna kile kiti. Umeandika kwamba kila jioni anakaa kibarazani, karibu na mlango uleule, mpaka giza linaingia, na hujui anatafuta nini. Mimi sipo hapo, siwezi kusema moyoni mwake kuna nini. Ila najua kwamba mtu anayetulia sehemu moja saa ya giza kuingia, karibu na mahali paka alipotokea, bila kuita na bila kuzunguka, anafanya sehemu ya kazi ambayo nimekuandikia ukurasa mzima hapa. Leo jioni toa kiti cha pili, ukae kando yake, umuulize kwa sauti ya chini: "Mama, umeona nini hapa?"